Mwamba wa mwaloni haukui: kabla hamjauuza kwa kokoto

"Daktari, salamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Namayingo, Uganda. Ukingoni mwa ziwa tuna mwamba mkubwa, kimo chake kama nyumba ya ghorofa mbili, na nusu yake imeingia majini. Wazee wanasema unakua kila mwaka. Kijana mmoja aliyesoma anasema ni mabaki ya volkano, mwingine ameona vimeta anasema ni dhahabu. Juu yake kuna vishimo vya mviringo, na kuna bapa moja la jiwe ukiligonga linalia kama kengele. Sasa amekuja mkandarasi anataka kuupasua apate kokoto za barabara. Ameahidi kuajiri vijana 30, na mwenyekiti wetu amemwambia atapata jibu mwisho wa mwezi. Wengine tunaumia moyo lakini hatujui tuseme nini. Je, mwamba huu una maana yoyote kwa elimu, au ni jiwe tu? Na tukimkatalia, sisi tutapata nini? Nakutumia picha tano."

Ndugu katibu, nitaanza na lile la wazee, kwa sababu ndilo linalofungua mengine yote. Ila ujue kwamba nimeona picha, mwamba wenyewe sijaugusa. Kwa hiyo nitakuambia lipi picha zinatosha kulithibitisha, na lipi linahitaji mtu afike kwenu.

Mwamba haukui. Lakini wazee wenu hawajasema uongo, wameona kitu cha kweli wakakipa jina lisilo lake. Mzee aliyekuwa akiuparamia akiwa mtoto, leo anasimama palepale na kuona kipande cha chini ambacho zamani kilifunikwa na udongo. Kinachosogea ni ardhi, tena inashuka. Miti ya ukingoni ilikatwa, muhogo ukalimwa hadi shinani mwa jiwe, na mvua ikawa inachukua udongo kidogo kidogo kuupeleka ziwani. Katika picha yako ya kwanza, chini ya mwamba kuna mkanda wenye rangi ya udongo mwekundu, usio na yale madoa ya kijivu na ya chungwa yaliyoota sehemu za juu. Madoa hayo ni viumbe hai vinavyokua polepole mno juu ya jiwe lililo wazi. Pale ambapo bado hayajaota, jiwe halijakaa muda mrefu nje ya udongo. Hapo ndipo mwamba "ulipokua".

Ziwa nalo limewachanganya. Kati ya mwaka 1961 na 1964, miaka ileile tuliyopata uhuru, maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2. Baadaye yakashuka polepole, na mwaka 2006 yakafika chini sana. Mwaka 2020 yakapanda tena, yakaingia majumbani na kufunika mialo mingi pande zote za ziwa. Aliyezaliwa miaka ya 1950 ameshaona mwamba huo ukizama, ukiibuka, kisha ukizama tena. Mkae naye mumuulize maji yalifika wapi kwenye jiwe mwaka wa uhuru. Akionyesha kwa kidole, pimeni hapo na muandike.

Sasa kijana wa volkano. Picha ya tatu, ile uliyoweka sarafu pembeni, inamjibu. Naona chembe za waridi, nyeupe na nyeusi, zote kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Za waridi ni felspa, zile zinazofanana na kioo chenye ukungu ni kwatzi, na nyeusi zinazometameta ni ulanga. Uji wa moto unaomwagwa na volkano hupoa haraka, chembe zake hazipati nafasi ya kukua, na jiwe lake huwa laini machoni na jeusi-jeusi. Mwamba wenu ni itale, yaani graniti. Uji wake haukutoka juu ya ardhi kamwe. Ulipoa taratibu kilomita kadhaa chini, kwa muda mrefu sana, ndiyo maana chembe zikanenepa.

Miamba ya matale ya pande hizo za ziwa ni sehemu ya msingi wa kale wa Afrika, nayo kwa jumla ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mlima Elgon, ambao ni volkano kweli, umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka, si mabilioni. Chukua kamba ya mita 25 uitandaze mwaloni, kila mita iwe miaka milioni 100. Kamba yote hiyo ndiyo umri wa jiwe lenu. Ziwa lenyewe, ambalo wataalamu wengi hulikadiria kuwa na miaka kama 400,000, litachukua milimita 4 za mwisho, unene wa punje ya hindi. Mwanzoni mwa kamba hiyo hapakuwa na samaki, mti wala mdudu, na hewa ilikuwa karibu haina oksijeni.

Ulifikaje juu? Kwa kuvuliwa. Miamba iliyokuwa juu yake ilichakaa na kusombwa, na kila mzigo ulipopungua, itale lilijinyoosha kidogo na kupasuka katika matabaka yanayolingana na uso wake, kama maganda ya kitunguu. Maji ya udongoni yakapenya kwenye nyufa. Maji hayo yana uchachu kidogo, nayo huigeuza felspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Palipokuwa na nyufa nyingi jiwe likaoza lote. Palipokuwa na nyufa chache, kiini kikabaki kizima, na udongo ulipoondoka kikasimama peke yake. Mwamba wenu ni kiini cha namna hiyo, kilichobaki baada ya vingine vyote kuoza. Itale tupu lililo wazi kwa kawaida hupoteza mita chache tu kwa miaka milioni moja. Mkandarasi mwenye baruti atapoteza zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu dhahabu sitakaa sana. Busia kuna dhahabu kweli, lakini huko hupatikana hasa kwenye mishipa ya kwatzi iliyopita katika miamba ya aina nyingine. Vimeta vya kwenu vinajitambulisha kirahisi: chokoa kimoja kwa ncha ya kisu. Kikibanduka kama ganda jembamba linalopitisha mwanga, ni ulanga. Dhahabu haibanduki, hubonyea. Tafadhali msimruhusu mtu yeyote kuchimba mashimo chini ya mwamba akitafuta utajiri, maana jiwe la namna hiyo likikosa egemeo hubingirika bila kupiga hodi.

Nimefika kwenye vishimo na lile bapa linalolia, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na picha zako.

Kisiwa cha Dolwe, ambacho pia huitwa Lolui, kiko katika wilaya yenu hiyohiyo ya Namayingo. Kule matale yamejaa tele, na kati yake kuna mawe yanayolia ambayo watu wa kale waliyagonga hadi yakatoboka vishimo, kuna mahali walipokuwa wakisagia, na kuna michoro myekundu ya duara ndani ya duara. Dolwe imo pamoja na Nyero ya Kumi na maeneo mengine ya mashariki mwa Uganda katika orodha ya maeneo ambayo nchi yetu imeyapendekeza kwa Urithi wa Dunia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno Busoga na visiwani, wakazi wakahamishwa, na kumbukumbu nyingi za nani alifanya nini kwenye mawe hayo zikapotea pamoja nao. Kwa hiyo ninaposikia jiwe linalia ng'ambo ya pili ya maji kutoka Dolwe, siwezi kulipita haraka.

Hata hivyo si kila kishimo ni kazi ya mtu. Juu ya itale tambarare maji ya mvua hukaa, huoza felspa, upepo hupeperusha unga wake, na kishimo hupanuka chenyewe. Hicho kingo zake huwa hazina mpangilio, na ukipitisha kidole ndani kinakwaruza. Kishimo cha kusagia ni kirefu kama mtumbwi mdogo, na ndani yake ni laini kama sahani. Vishimo vya kugonga ni vidogo, mara nyingi havifiki ukubwa wa kikombe cha chai, tena huwa pembeni mwa bapa mahali sauti inapotoka vizuri. Na mkiona safu nne zenye vishimo vinane kila moja, hapo watu walicheza mweso, aina ya bao. Katika picha yako ya nne naona vishimo vikubwa vitatu ambavyo kwa maoni yangu ni vya mvua. Picha ya tano ni tofauti. Pembeni mwa bapa kuna vidogo kama saba hivi, vimekaribiana, na vyote viko ukingoni. Siwezi kuapa kwa picha, lakini jambo hilo pekee linatosha kusimamisha baruti hadi mtu wa mambo ya kale afike.

Bapa hilo linalia kwa sababu ni ganda lililobanduka na sasa limekalia sehemu mbili au tatu tu. Likigongwa lina nafasi ya kutetema. Jiwe lililoshikana na mwamba mzima halina nafasi hiyo, hutoa sauti ya kufa. Kwa hiyo bapa likisogezwa, likijazwa udongo chini yake, au mtu akiamua "kuliimarisha" kwa saruji, litanyamaza na halitalia tena. Waambieni watoto waligonge kwa kiganja au kijiti chepesi, nyundo zibaki nyumbani.

Umeuliza kama lina maana kwa elimu. Lina, na si umri peke yake, maana matale ya umri huo yako mengi. Thamani ya mwamba wenu iko pale ulipo, ukingoni mwa maji. Ziwa Victoria ni sahani pana isiyo na kina. Mahali pake penye kina kikubwa hapazidi mita 85 hivi, na takriban miaka 17,000 iliyopita lilikauka, mahali pa sangara pakawa mbuga ya nyasi, kisha likaanza kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Mwamba wenu wakati huo ulikuwa kilima katikati ya nyika. Ziwa liliporudi liliacha alama zake. Kuzunguka ziwa kuna fuo za kale zilizo juu ya maji ya leo, takriban mita 3, mita 12 na mita 18. Kwenye udongo alama hizo hufutika, kwenye jiwe gumu hubaki kama ngazi na mapango madogo yaliyochongwa na mawimbi. Katika picha ya pili, juu kidogo ya kichwa cha yule kijana aliyesimama, kuna mfinyo ulionyooka unaopita upande mzima wa mwamba. Unaweza kuwa ufa wa kawaida. Unaweza pia kuwa ukingo wa ziwa la zamani, na kama ndivyo, mnayo rula iliyopimwa na ziwa lenyewe. Hili linahitaji vipimo vya mtu aliyesimama hapo.

Chini ya maji kuna maisha yake. Sangara alipoletwa ziwani katikati ya karne iliyopita alikula nkejje wengi, wale samaki wadogo wa humu ziwani, na aina nyingi hazijaonekana tena. Kwenye miamba ya ukingoni nkejje wa mawe walipata mianya ya kujifichia, na baadhi yao wamebaki huko. Wavuvi wenu wanajua hili kuliko mimi.

Tuje kwenye mkandarasi. Ningependa mwenyekiti asikilize sehemu hii, kwani ndiyo itakayogusa mifuko. Mwalo wenu umekaa upande wa magharibi wa mwamba, na upepo mkali wa Juni hadi Agosti hutoka kusini-mashariki ukiwa umevuka maji. Wimbi likikaribia ukingo hupinda, nguvu yake hukusanyika kwenye rasi na hupungua ndani ya ghuba. Mwamba unapigwa ili mitumbwi isipigwe. Ukiuondoa, wimbi lile litaingia moja kwa moja, na mchanga mnaotulia juu yake utahamia kwingine. Haitatokea siku moja, itachukua misimu michache, na wakati huo mkandarasi atakuwa ameshamaliza barabara yake. Halafu mnaanika mukene, yaani dagaa, juu ya mwamba huo. Mukene aliyekaushwa juu ya jiwe safi hana mchanga, na mnunuzi hutofautisha bei kwa kumtia mdomoni tu. Hesabuni ni kina mama wangapi wanaanika hapo na kwa miaka mingapi, kisha mlinganishe na ajira za vijana 30 zitakazodumu hadi jiwe liishe.

Lakini sitawadanganya kuhusu upande wa pili. Barabara inahitaji kokoto, na vijana wanahitaji kazi. Si haki kuwaambia wakae na njaa wakilinda jiwe. Wala siwaahidi watalii. Kit-Mikayi karibu na Kisumu na Nyero kwetu hupokea wageni wanaolipa kiingilio, lakini yale ni maeneo yanayojulikana, yana njia na yana waongozaji. Mwalo ulio mbali na lami hautajaa wageni kwa sababu tu kuna jiwe linalolia. Mnaweza kupata shule zinazoleta wanafunzi na wageni wachache wanaopita kwenda visiwani. Hiyo ni pesa ndogo, mwipokee kama pesa ndogo.

Njia ninayoiona ya busara ni kumpa mkandarasi jiwe jingine. Itale kama hilo haliishii ukingoni, linaendelea chini ya ardhi kuelekea bara. Mwulizeni kwa nini anataka lililo majini. Jibu huwa ni moja: limeshavuliwa udongo, hatalipa gharama ya kufukua. Hilo ni punguzo mnalompa ninyi kutoka mfukoni mwenu. Na kisheria ana tatizo. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka maji ya Ziwa Victoria, na kazi ya namna hiyo haiwezi kufanyika ndani yake bila idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, haiondoi sharti hilo, na kamati ikitia sahihi huku ikijua, itajikuta kwenye kesi pamoja naye. Mwambieni alete karatasi za NEMA na za Kurugenzi ya Utafiti wa Jiolojia na Migodi ya Entebbe kabla ya kikao kingine chochote. Msifanye ugomvi, ombeni karatasi tu.

Katika kipindi hiki cha kungoja, kuna madhara mnayoweza kuyazuia leo. Picha ya kwanza inaonyesha chanja ya kubanikia samaki imeegemezwa kwenye mwamba. Ihamisheni. Kwatzi ikipashwa moto hadi nyuzi 573 za Selsiasi huvimba ghafla, na itale lote huanza kubambuka. Wapasuaji wa mawe hutumia njia hiyohiyo: huwasha kuni au matairi juu ya jiwe, kisha huliponda likiwa limelegea. Ninyi mnaifanya polepole bila kukusudia. Msiruhusu rangi za matangazo. Mkikuta mchoro mwekundu chini ya mwinamo, msiumwagie maji ili uonekane vizuri kwenye simu na msiufuatishe kwa chaki. Kila anayefanya hivyo huondoka na kipande chake. Na ule mstari wa muhogo ulio karibu kabisa na jiwe, ungekuwa nyasi ungewafaa zaidi.

Watu wa kuwaita wafike kwenu ni hawa. Wa kwanza ni afisa wa mazingira wa wilaya, kwa maandishi, nakala ibaki kwenu. Kwa vile vishimo saba na bapa, iandikieni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Utalii. Sheria ya mwaka 2023 inaipa nguvu ya kulinda maeneo ya namna hiyo, lakini haiwezi kulinda isichokijua. Kwa mfinyo wa picha ya pili, idara ya jiolojia ya Makerere huwa na wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia utafiti, na barua ya kamati iliyoambatana na picha kama zako haitapuuzwa. Mkiona mashine ya kutoboa imefika kabla ya majibu, msingoje barua. Pigeni simu wilayani siku hiyohiyo. Na mkiona ufa uliokuwa wa unene wa ukucha sasa unaingiza kidole, ondoeni watu na mukene chini ya mwamba kwanza, maswali mengine baadaye.

Wewe mwenyewe nakuomba kitu kimoja kabla ya mwisho wa mwezi. Nenda kwenye lile bapa saa moja asubuhi, jua likiwa bado liko chini, maana mwanga wa pembeni huonyesha kishimo ambacho jua la utosi hukificha. Weka rula au kalamu kando ya kila kishimo, upige picha kimoja kimoja, halafu moja ya bapa zima ikionyesha limekalia wapi. Ukiweza, rekodi na sauti yake. Nitumie zote, nami nitakuandikia barua fupi ya kitaalamu utakayoisoma kikaoni mbele ya mwenyekiti na mkandarasi.